Siku Lipidi Zangu Zilipotoboa Dari

Kuna wanafunzi hapa Kindu ambao wakinikuta njiani, hata niwe nimebeba kikapu cha samaki, huinua mkono mmoja juu kabisa, wanauficha, halafu wanautoa chini karibu na goti, na wanacheka, na mimi nacheka nao maana nikikasirika itakuwa mbaya zaidi. Basi leo niwaeleze mwenyewe maana ya ishara hiyo, kwa sababu nimechoka kusikia aibu yangu ikisimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo ukumbini (kuna mmoja anasema nililia, sikulia, ni jasho liliniingia machoni).

Mimi ni Mwayuma, asistanti wa kemia kwenye chuo kikuu kimoja hapa mjini, yaani yule mtu anayesahihisha mitihani ya kozi za wengine na kuulizwa kila mara nani amevunja vyombo vya maabara. Utafiti wangu ni juu ya utando wa lipidi. Msiogope hilo neno. Kila chembe ndogo ya mwili wako imevikwa ngozi nyembamba mno, na ngozi hiyo imejengwa kwa lipidi, molekuli za jamii ya mafuta, kila moja ina kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia. Ukizitia majini zinajipanga zenyewe tabaka mbili, hili la juu na lile la chini, vichwa vinatazama nje kwenye maji na mikia inajificha katikati. Hakuna anayezipanga. Mpaka leo nikilisema hilo darasani sauti yangu inashuka, nasema polepole kama mtu aliye mahali pa ibada.

Mapenzi hayo niliyapata wakati wa vita, nikiwa mtoto. Mji ulikuwa umefungwa, treni haiji, mashua haziji, chumvi ilikuwa kitu cha kuonjeshwa, na sabuni ilikuwa kitu cha kukumbuka tu, tukajaa upele hadi kwenye vidole. Papa, yaani baba yangu, alikuwa mwalimu wa kemia wa sekondari na shule yake ilikuwa imefungwa, kwa hiyo akaanza kupika sabuni nyuma ya nyumba kwa mawese na maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya ndizi, mama akikoroga sufuria na kukohoa. Mchana mmoja risasi zikaanza kulia kutoka ng'ambo ya mto. Hatukukimbia, maana hakuna aliyejua pa kukimbilia. Papa akaniketisha chini karibu na ukuta wa matofali, akachukua bua la jani la mpapai lenye tundu, akalichovya kwenye maji ya sabuni, akapuliza, povu kubwa likatoka likiwa na rangi zote.

"Angalia hii," akaniambia, "usisikilize ile."

Nikaangalia. Akanieleza kwa sauti ya darasani, kana kwamba kengele imelia na tuko benchi la mbele, kwamba ile ngozi ya povu ina pande mbili, na katikati yake njo, yaani ndipo, kuna maji, na kila kamolekuli kanajua fasi yake, mahali pake pa kukaa. Lilipopasuka akapuliza lingine. Akapuliza tena na tena hadi kule ng'ambo kukanyamaza. Miaka mingi baadaye, chuoni, nilipojifunza kwamba utando wa chembe ya mwili ni kama lile povu lililogeuzwa, mafuta ndani na maji nje, nilishindwa kuandika, nikabaki nimeshika kalamu tu mwenzangu akiniuliza kama naumwa.

Sasa tuje kwenye mkasa. Profesa Amuri wa Kisangani, mzee mpole anayeongea kama mtu anayehofia kuamsha mtoto, alikuja kutufundisha kozi fupi, na alipoondoka aliniachia diski yenye utando mzima ulioigizwa kwa kompyuta. Yaani huko mbali kuna mashine kubwa zilizokokotoa namna kila lipidi inavyomsukuma jirani yake, hatua ndogo baada ya hatua ndogo, mpaka ikapatikana kama filamu ya kitu ambacho jicho la binadamu haliwezi kukiona. Akaniambia: "Tafuta kitu humu ndani, Mama Asistanti. Nitarudi unionyeshe. Kikiwa kizuri, utakuja kwenye maabara yangu ufanye shahada ya doktora."

Ndani ya diski ile kulikuwa na namba tupu, lipidi hii iko hapa, ile iko pale, namba zisizokwisha. Muntu wa kuzisoma zote hajazaliwa. Njo maana watu siku hizi wanatumia programu inayojifunza: unaionyesha mifano kidogo, unaiambia hii iko tabaka la juu, hii la chini, hii imetulia na mikia imenyooka, hii inahangaika, na yenyewe inachukua akili, halafu unaiachia filamu yote iliyobaki na inakupangia kila lipidi kwa kila picha. Mara ya kwanza nilipoiona ikifanya hivyo kwenye kompyuta yangu kuukuu yenye herufi zilizofutika, nikamwita Feza, mwenzangu wa idara, tukasimama nyuma ya kiti kama watu wanaotazama mtoto akitembea mara ya kwanza.

Na hapa njo nilipofanya ule uamuzi wangu mdogo.

Mjue kwamba utando ulioigizwa huishi ndani ya sanduku la kufikirika lisilo na kuta. Ili sanduku dogo lifanane na maji yasiyo na mwisho, kitu kikitoka juu kinaingia tena chini, palepale, kama vile dari na sakafu ni mlango mmoja. Na utando nao hautulii, unaelea, unapanda polepole. Kwa hiyo kabla ya kazi yoyote unatakiwa kupitia kila picha na kuurudisha utando katikati ya sanduku. Mwanafunzi wa kwanza kabisa wa mambo haya anafundishwa hilo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefundishwa hilo. Lakini kompyuta yangu ingefanya kazi hiyo siku nzima, na umeme wa siku nzima chuoni kwetu ni ndoto, na Profesa alikuwa amekwisha kutuma ujumbe kwamba anakuja. Nikafungua picha za mwanzo, nikaona utando umekaa katikati vizuri kama mkeka sebuleni, nikajiambia, ah, haujasogea, acha tu.

Nikaacha tu.

Programu ikaleta majibu, na majibu yakaniinua kwenye kiti. Ilikuwa inasema kwamba lipidi nyingi mno zinavuka kutoka tabaka la juu kwenda la chini, makundi kwa makundi, na ilikuwa na uhakika wake wote. Nanyi mjue, kuvuka ni jambo zito kwa lipidi, kichwa kinachopenda maji kinatakiwa kupita katikati ya mafuta, ni jambo adimu sana. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi sikujiuliza, mimi nilishangaa, na mshangao wangu ulikuwa mtamu kiasi kwamba sikutaka uguswe. Nilidhani nimeona mlango ambao hakuna aliyewahi kuuona. Nikamwambia Feza, Feza akamwambia shefu, yaani mkuu wa idara, na shefu wetu (mtu mwema, tatizo lake ni furaha) akaenda kulisema kwenye redio ya mji, kwamba binti wa Kindu amegundua njia ya siri ndani ya chembe za mwili wa binadamu.

Siku ya kuonyesha, ukumbi ulijaa hadi madirishani. Walikuja wanafunzi wa idara zote, walikuja wauguzi, walikuja majirani zangu waliovaa vikwembe vya sherehe, na mbele kabisa alikaa Papa, sasa mzee wa kutembea na fimbo, amevaa koti lake la kufundishia, na pande zote mbili wamekaa walimu wenzake wa zamani aliowaalika mwenyewe bila kuniambia. Mama hayupo tena, Mungu amlaze pema. Profesa Amuri alikaa safu ya pili, kimya, kompyuta yake imefungwa magotini.

Nikaanza vizuri, nawaambia ukweli. Nikawaeleza vichwa na mikia, nikawaonyesha ukutani picha ya utando, na watu wakavutwa kweli, hata wale wa madirishani wakanyamaza. Nikafika kwenye kuvuka. Nikasema kwamba tabaka la juu na la chini ni kama mji wetu na Alunguli ya ng'ambo, mto uko katikati, na sisi tumegundua kwamba watu wanavuka kuliko ilivyodhaniwa. Makofi. Shefu akainuka kwenye kiti chake na kusema:

"Asistanti, watu wangependa kuona hata moja tu ikivuka."

Sikuwa nimeandaa hilo. Nilikuwa na michoro na jumla, filamu yenyewe sikuwa nimeitazama zaidi ya pale mwanzo. Feza, aliyekuwa anashughulikia mashine ya kutupia picha ukutani, akanitazama na kutikisa kichwa kidogo, ile ya acha kwanza. Nami, kwa kiburi cha makofi, nikasema bila shaka, na nikamwambia Feza achague ile ambayo programu ina uhakika nayo kuliko zote, aitie rangi nyekundu.

Filamu ikaanza. Lipidi yetu nyekundu ilikuwa tabaka la juu, inacheza, inajipinda, na ukumbi ukaipenda mara moja. Mwanafunzi mmoja nyuma akaita, "Twende Alunguli," wengine wakaitikia, wakaanza kuisukuma kwa sauti kama wasukumao mtumbwi uliokwama mchangani. Na kweli ilikuwa inakwenda. Ila haikuwa inashuka kuelekea katikati, ilikuwa inapanda. Yaani utando wote ulikuwa unapanda, polepole, kama unga unaoumuka, hadi kichwa cha ile nyekundu kikagusa dari ya picha. Kikatoboa. Na papo hapo lipidi yetu ikawa chini kabisa, sakafuni, peke yake, inajipinda kama kawaida, haina habari.

Watu wakaitafuta ukutani.

"Imeenda wapi?" akauliza muuguzi mmoja.

"Iko chini," akajibiwa.

"Ilipitia wapi?"

Hapo ningesema sijui. Badala yake nilisema (na hili ndilo linaloniumiza nikilikumbuka, hasa nikiwa naosha vyombo), nilisema, "Kama mlivyoona, inavuka haraka mno, jicho haliwezi kuifuata." Nikasema hivyo mbele ya Profesa Amuri. Shefu, akitaka kunisaidia, akaomba irudiwe taratibu. Feza akarudia taratibu. Na taratibu ilikuwa mbaya mara kumi, maana sasa kila mtu aliona nyekundu inapotelea juu na kutokea chini, halafu jirani yake, halafu kundi lote, tabaka zima likipanda kupitia dari na kuibuka kutoka sakafuni, na yule mwanafunzi wa nyuma akainua mkono wake juu, akauficha, akautoa chini kwenye goti, na ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko.

Nilielewa pale pale. Sikuhitaji kuambiwa. Niliona zile picha za mwanzo, ule mkeka sebuleni, nikaona redio, nikamwona Papa ambaye hakuwa anacheka, ameinama mbele na fimbo yake, anaitazama picha kwa bidii kubwa kwa sababu alidhani kosa liko kwenye macho yake.

"Mwayuma," akasema, "njo vile inavukaka?"

Kicheko kikakatika, maana wote walimsikia, na hapa mtoto hadanganyi baba yake mbele ya watu.

"Hapana, Papa," nikasema. "Hakuna iliyovuka. Utando umeelea ukafika mwisho wa sanduku. Mimi nimekosea."

Shefu akakaa chini. Nilisikia jenereta nje, na niliiomba izime, kwa mara ya kwanza maishani niliiomba izime, nayo ikaendelea kunguruma kwa afya njema.

Profesa Amuri akainuka. Akaja hadi mbele, akaongea kwa ile sauti yake ya chini, lakini ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba kila neno lilifika.

"Uliurudisha katikati?"

"Hapana, Profesa."

"Ulijua inatakiwa?"

"Nilijua. Niliharakisha."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. "Hii programu haikukosea," akasema. "Uliifundisha kwamba kilicho juu ni tabaka la juu na kilicho chini ni tabaka la chini. Imekujibu vilevile ulivyoifundisha." Halafu akafungua kompyuta yake, ambayo ilikuwa mpya na yenye nguvu, akaiweka mezani mbele yangu. "Chukua kipande kifupi tu. Kiweke katikati. Tutangoja."

Nilitamani aniachie niende nyumbani. Lakini amekwisha kusema tutangoja, na mzee akisema hivyo unafanya nini. Nikakaa pale pale mbele ya watu, mgongo wangu umelowa, nikaandika maagizo kwa vidole vilivyokuwa vinakosa herufi. Wengi walitoka nje kwenda kunywa soda na kujifunza ile ishara ya mkono. Walibaki Feza, shefu, wauguzi wachache, na safu nzima ya walimu wazee, ambao walivuta viti vyao karibu.

Kipande kikawa tayari. Feza akaitia tena ile lipidi rangi nyekundu, akawasha.

Sasa utando ulikuwa umetulia katikati, na kwa mara ya kwanza niliitazama kazi yangu mwenyewe kwa macho yangu. Ile nyekundu haikuvuka. Ilitetemeka, ilizunguka, ikabadilishana nafasi na jirani yake, ikasogea pembeni, ikarudi, kuna mahali kichwa chake kilizama kidogo kwenye mafuta nikashika meza, halafu kikarudi juu majini. Zote zilikuwa hivyo. Hakuna hata moja iliyotulia, hakuna hata moja iliyokaa na majirani walewale, kila kitu kinasukumana kama soko la Jumamosi, na bado ule utando ulibaki utando, ngozi moja, haina tundu.

Papa alikuwa amesogea hadi mkono wake unagusa meza.

"Nani anazishika?" akauliza.

"Hakuna muntu, Papa. Hakuna gundi, hakuna uzi. Mikia inakimbia maji, na maji yako pande zote, basi zinabaki pamoja."

"Na zinafanya hivi ndani yangu? Sasa hivi?"

"Ndani yako, Papa. Sasa hivi, mwili mzima."

Akautazama mkono wake, akaugeuza, akautazama upande wa kiganja. Mwalimu mmoja mwenzake akavua miwani akaifuta, akaivaa tena.

Profesa akasema, "Sasa wacha programu itie rangi zake." Nikaiwasha. Nilikuwa nimeifundisha, kama nilivyowaambia, kutofautisha lipidi iliyotulia na inayohangaika, ila nilipoona habari za kuvuka sikutazama tena upande huo. Ikatia buluu kwa zilizotulia na manjano kwa zinazohangaika. Na pale katikati ya ule msongamano vikatokea visiwa. Visiwa vidogo vya buluu, lipidi zenye mikia iliyonyooka zimekusanyika, vinakua, vinaungana, vinamegeka, vinapotea, vinazaliwa mahali pengine, kama yale mafungu ya magugu yanayoteremka na mto wetu Lualaba maji yakijaa. Programu haikuwahi kuambiwa neno kisiwa. Ilikuwa inaangalia lipidi moja moja, na visiwa vikajitokeza vyenyewe. Shefu akasema taratibu, "Mungu wangu," na safari hii hakukimbilia redio.

"Hiki," akasema Profesa Amuri, "kilikuwa kwenye kompyuta yako tangu siku ya kwanza."

Nilikuwa nimewaita watu wa mji mzima waje kuona muujiza ambao haupo, na ule uliopo nilikuwa nimeukalia.

Tulitoka wa mwisho. Nje wanafunzi walikuwa wamenisubiri, mikono juu, mikono chini, nikapita katikati yao nimemshika Papa. Sikupewa nafasi ya doktora siku ile, Profesa aliniambia nimtumie kazi yote upya, utando ukiwa katikati kuanzia picha ya kwanza mpaka ya mwisho, ndipo tutaongea. Nilimtumia. Ilinichukua majuma ya kugombania umeme, na redioni ilibidi niende mwenyewe kusema kwamba ile njia ya siri haiko (mtangazaji aliniuliza kama nimeifunga). Profesa akajibu kwa neno moja, "Njoo," na sasa naenda Kisangani kila likizo.

Lakini nimeapa, nanyi mnisikie. Sitaiuliza programu yoyote imeona nini kabla sijakaa chini nikatazama mwenyewe, filamu yote, bila kuruka picha hata moja. Watu wa maabara wananicheka, wanasema ni kupoteza mchana. Ni kweli unapotea. Nakaa nikidhani natafuta makosa, nafuata lipidi moja inavyozunguka na kusukumwa na kushikiliwa na maji, na nikija kuzinduka jua limeshuka, chakula kimepoa, na sijatafuta kosa lolote.